Neno Lililofumuliwa Kwenye Bendera ya Namba Kumi na Nne

Ilona Vargo hakuwahi kucheza mpira wa kikapu hata siku moja. Alikuwa mfupi, miguu ilimvimba kila jioni, na sheria zenyewe hakuzielewa sawasawa. Baada ya miaka thelathini na moja kazini bado alikuwa ananiuliza mwamuzi amepuliza filimbi kwa nini. Lakini kila jina lililokaa mgongoni mwa mchezaji wa Wapuliza Vioo wa Toledo, tangu timu ilipokuwa ikichekwa, ikachukua ubingwa, ikarudi kuchekwa, alilishona yeye kwa mkono wake.

Mimi naitwa Lemuel Pettaway, nilikuwa bawabu wa mlango wa wachezaji. Kiti changu kilitazamana na chumba chake cha cherehani, na kwa miaka ishirini na sita tuligombana karibu kila siku ya mechi. Aliniita Pettaway, kavu namna hiyo, kama mwalimu anayeita mtoto mtundu. Mimi nilimwita Bi Ilona. Wachezaji walimwita Mama, hata wale waliokuwa na mama zao wamekaa viti vya mbele wanasikia.

Mwenye timu siku hizo alikuwa mzee Harlan Stroebel, aliyekuwa na kiwanda cha vioo kando ya mto Maumee. Nisije nikamfanya malaika kwa sababu amekufa. Mzee yule alikuwa bahili wa kutupwa. Sabuni ya vyooni alitupimia, na joto la ukumbi alilifungulia saa moja tu kabla ya mechi, tukawa tunakaa na makoti. Aliwahi kumuuza mchezaji siku ya harusi yake. Ila kulikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia meneja wala mwanasheria, nayo ni kuamua namba ya nani ishonwe kwenye bendera na kutundikwa darini.

Alikuwa anashuka mwenyewe kwa ngazi, asubuhi, kofia mkononi. Anaingia chumbani kwa Ilona, anakaa kwenye kigoda, anataja namba, kisha anataja neno moja. Neno hilo lilishonwa chini ya namba, na hakuna aliyeulizwa kama amelipenda. Namba saba iliandikwa “Alithubutu”. Namba thelathini na tatu iliandikwa “Alicheka”, na kweli yule bwana alikuwa anacheka hata akifungwa. Baada ya hapo mchezaji mwenyewe anaitwa kiwandani kuchagua rangi ya kioo, zinapulizwa gololi tano, na Ilona anazishonea ndani ya pindo la chini ili bendera ining'inie imenyooka. Bendera nne zilipanda kwa utaratibu huo. Ukikaa viti vya juu kabisa taa zikiwashwa, uliziona gololi zimevimba kwenye pindo.

Basi, Cleophus Maddrey. Namba kumi na nne, misimu kumi na mmoja. Hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kusimama njiani ili wenzake wapite, agongwe yeye, na aliamka sakafuni mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Msimu tuliopoteza mechi sitini na moja, timu moja ya California ilimtaka kwa masharti mazuri, na mkataba wake ulimruhusu kuondoka. Stroebel akamwita, akamwambia, “Mwanangu, nenda, sitakulaumu.” Maddrey akamjibu, “Bosi, nimeshanunua koleo la theluji. California nitalifanyia nini?” Habari hiyo ilizunguka mji mzima kabla ya chakula cha mchana. Misimu mitatu baadaye tulichukua ubingwa, naye ndiye aliyekuwa ameshikilia mguu wa kombe, pembeni kabisa mwa picha.

Alipostaafu, Stroebel alishuka ngazi siku ya Jumanne ya Oktoba. Siku hiyo alipumzika mara mbili njiani, nikamshika kiwiko.

“Ilona,” alisema, “nikatie kumi na nne.”

“Na neno?”

“Alibaki.”

Ilona alimtazama. “Hilo tu?”

“Unataka niandike wasifu? Alibaki. Shona liwe imara.”

Maddrey akaenda kiwandani, akachagua kijani cha chupa. Alipomletea Ilona zile gololi ndani ya soksi, Ilona alimshika mashavu, ikabidi jamaa ainame sana, akamwambia, “Utaiona ikipanda, mwanangu. Nakuahidi.” Siku kumi na moja baadaye Stroebel akafa akiwa ananyoa ndevu. Bendera ilikuwa imekamilika, imekunjwa, ipo ndani ya sanduku la mwerezi chini ya meza ya cherehani.

Watoto wa Stroebel hawakupenda mpira, walipenda mashua. Waliiuza timu kwa Trent Halvorsen, aliyetajirika kwa kukodisha maghala ya watu kuwekea vitu wasivyovitaka. Alikuwa na miaka arobaini na moja na alivaa viatu bila soksi, Januari, Toledo. Mimi mtu wa namna hiyo simwamini, na nilisema hivyo tangu mwanzo. Rais wa klabu aliyeletwa naye alikuwa Corinne Ashby, mwanamke mwerevu, mwenye adabu, aliyekumbuka majina ya wajukuu zetu. Siku ya kwanza alitukusanya wafanyakazi wote akatuambia kwamba historia ya timu inaanza leo. Ilona aliinama akaninong'oneza, “Na zile za jana nilikuwa nashona nini, mashuka?”

Kila Septemba, kwa miaka tisa, Ilona alipanda ghorofani kuuliza habari za kumi na nne. Alivaa sweta lake zuri. Kila mara alirudi na jibu jipya. Mwaka mmoja bendera zilikuwa za wale waliofunga pointi elfu kumi. Mwaka mwingine kamati ilikuwa bado haijaundwa. Mwaka wa sita nilimsindikiza, nikasikia kwa masikio yangu.

“Bi Ilona,” Ashby alisema kwa upole, “mashabiki wa sasa hawamfahamu Maddrey.”

“Basi wafahamisheni. Si ndiyo kazi yenu?”

“Kuna mambo ya chapa ya klabu hapa. Naomba utuelewe.”

“Mzee alishatoa neno lake.”

“Najua. Lakini mzee hayupo.”

Tulishuka. Kwenye ngazi alisimama, akashika ukuta, akasema, “Pettaway, mimi nataka tu kuiona pale juu. Mara moja. Halafu wafanye watakavyo.” Maddrey alikuwa bado anaishi Toledo, anaendesha basi la shule upande wa mashariki, na ndani ya ukumbi ule hakuwa amekanyaga tangu Stroebel azikwe. Hakuuliza chochote. Ilona alipokutana naye sokoni alijificha nyuma ya viazi, mwanamke mzima, kwa aibu ya ahadi.

Mwaka wa tisa wakampa chipukizi namba kumi na nne.

Jina lake Tavaris Boone, miaka kumi na tisa, mtoto mzuri, hakujua lolote. Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, na jezi kutoka kwa watengenezaji zikafika saa tano, hazina majina. Ilona alikata herufi zote yeye mwenyewe kwa kufuata vibao vyake vya mbao, akazishona mbiombio, jezi kumi na mbili, huku mimi nikipiga kelele mlangoni kwamba kocha anazitaka. Wachezaji walivaa jezi, wakavaa na majaketi juu yake, wakaingia uwanjani kupasha misuli. Hakuna aliyetazama mgongo wa mwenzake.

Boone alipovua jaketi kuanza mechi, nilikuwa nimesimama karibu naye, kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Niliona kumi na nne. Juu yake niliona MADDREY.

Nilichelewa kumzuia, mpira ulikuwa umesharushwa. Kwa dakika mbili hivi hakuna kilichotokea. Kisha mzee mmoja wa viti vya juu akasimama. Wakasimama wa jirani yake. Viti vya juu vyote vikasimama, wale wa tiketi za rahisi, walioshuhudia mechi sitini na moja zikipotea, wakaanza kuliita jina lile, Mad-drey, Mad-drey, na kupiga miguu mpaka vumbi likadondoka kwenye kofia yangu. Boone alidhani wanamzomea kwa lugha ya Toledo. Akakosa mitupo mitatu mfululizo.

Wakati wa mapumziko Halvorsen alihojiwa kwenye televisheni. Jamaa hakupepesa hata jicho. Alisema klabu ilitaka kufungua msimu kwa kumuenzi mmoja wa mashujaa wake, na kwamba mengine yanakuja. Dakika hiyohiyo Ashby alikuwa chumbani kwa Ilona, mlango wazi, nami nimejifanya nafunga viatu.

“Niambie ukweli. Umefanya makusudi?”

“Makusudi?” Ilona alikuwa analia, uso mwekundu. “Ningefanya makusudi ningeshona vizuri. Itazame hiyo Y, imepinda! Mikono, binti yangu. Misimu kumi na mmoja nimeshona kumi na nne, mikono imezoea jina moja.”

Boone akaingia kubadilisha jezi, akamkumbatia. “Usijali, Mama. Leo nimecheza kama mzee wa miaka hamsini, si ajabu.” Hata Ashby alicheka.

Mimi namwamini Ilona. Watu wengi hawamwamini, na wanampenda zaidi kwa hilo.

Sasa Halvorsen alikuwa ameahidi mbele ya mji, ikabidi atekeleze. Sherehe ikapangwa Jumapili ya Februari. Wakataka kuagiza bendera ya kuchapishwa, Ilona akavuta sanduku lake, akaifunua juu ya meza. Halvorsen mwenyewe alishuka kuiona. Nadhani ndiyo siku pekee aliyoshuka. Aliipapasa, akabonyeza gololi kwa kidole.

“Kazi nzuri sana,” alisema. “Tutaitumia hii. Hilo neno la chini tu litoke.”

“Neno ni la mzee.”

“Haliendani na tunakoelekea. Litoke, au tuchapishe yetu. Mama, sikulazimishi. Niambie Jumatatu.”

Alipoondoka nilitukana, na sitarudia hapa. Ilona alikunja bendera polepole. Kesho yake nilimpeleka kwa gari langu mpaka kituo cha mabasi ya shule. Alikuwa ameoka mkate wa kuviringisha uliotiwa kokwa za jozi, kama kina mama wa Kihungaria wa mtaani kwao wanavyofanya wakienda kuomba radhi. Maddrey alikuwa anafagia basi. Alikuwa amenenepa, na magoti yake yalitoa sauti alipokaa kwenye kidato cha mlango wa basi.

Ilona alimweleza yote, bila kuruka kitu. Maddrey alitafuna mkate kwa muda mrefu.

“Mama, mimi nina miaka arobaini na saba,” alisema mwishowe. “Mke wangu ananiuliza kila mwaka, nami nasema sijali. Ninajali. Nataka kuiona ikipanda. Fumua.”

“Lakini hilo ndilo neno lako.”

“Mimi nilikuwepo, au sikuwepo? Nilikuwepo. Fumua tu, Mama.”

Alisema hivyo huku akitazama usukani. Mimi nikajifanya nakagua tairi.

Ilona alifumua siku nzima ya Jumapili, jikoni kwake. Mzee alimwambia ashone imara, naye alishona mistari miwili kwa sindano nene ya kushonea ngozi, uzi wa kushonea mahema. Alikata uzi mmojammoja kwa wembe. Alipomaliza alinipigia simu akasema, “Nimelitoa,” akakata. Zile herufi za kitambaa hakuzitupa. Alizitia ndani ya bati la biskuti.

Jumapili ya sherehe theluji ilifika magotini na bado ukumbi ulijaa. Maddrey alisimama katikati ya uwanja na mkewe, suti imembana. Ilona alikaa kwenye kiti changu mlangoni. Mimi nilikuwa nimepangiwa viti vya juu kusaidia kuzuia watu, kwa hiyo ninachosimulia nilikiona mwenyewe. Waliivuta kamba. Bendera ikapanda ikiwa imenyooka, gololi zikiivuta chini, ikasimama mbele ya safu ya taa kubwa za upande wa kaskazini.

Na taa zikapenya. Zile gololi zilikuwa zimekivuta kitambaa kikakaza, na kila shimo la sindano ile nene likafunguka. Kutoka chini usingeweza kuona kitu. Kutoka tulipokuwa sisi, lilisomeka neno zima, kwa nukta za mwanga, mistari miwilimiwili.

Mama mmoja kando yangu, amebeba mtoto, alilisoma kwa sauti. “Alibaki.” Mwingine akarudia. Halafu viti vya juu vyote vikawa vinalipigia kelele chini, ALIBAKI, ALIBAKI, na chini hawakujua linatoka wapi. Nilimwona Maddrey amegeuza uso juu, anatafuta. Aliziba mdomo kwa mkono. Nilimwona Halvorsen kwenye kiti chake cha mbele anamwinamia Ashby, anauliza, na Ashby anatikisa kichwa. Mimi nililia hadharani, mwanamume na kofia ya kazi, na sijutii.

Nilishuka mbio kumwambia Ilona. Alikuwa amesimama mlangoni, shingo juu. “Imenyooka, Pettaway,” alisema. “Wanasema nini huko?” Nilipomweleza, alikaa chini, akanishika mkono, hakuuachia mpaka robo ya tatu ya mechi.

Miaka miwili baadaye tukajua kwa nini neno lile halikuendana na walikoelekea. Halvorsen alitangaza kwamba timu inahamia mji wa joto, kusini, ukumbi mpya umeshaanza kujengwa. Ulikuwa umeanza kuchorwa, gazeti liliandika, tangu kabla ya ile Februari. Jina litabaki lilelile, akasema, pamoja na kombe, rekodi na bendera. Huko hakuna hata mtu mmoja anayepuliza kioo.

Walipakia Juni. Nilisimama mlangoni siku ya mwisho nikawafungulia wabeba mizigo, nani mwingine angewafungulia? Wiki moja baadaye Ashby alifika nyumbani kwa Ilona akiwa na mfuko, ndani yake bendera ya kumi na nne. Hakukubali kukaa.

“Hii wameamua isiende,” alisema. “Nimeona nikuletee mwenyewe.” Kisha akasema, “Samahani, Bi Ilona,” na nadhani alimaanisha.

Ni miaka mitatu sasa. Ukumbi umefungwa kwa mnyororo. Ninautamani ule mlango, harufu ya popkoni na jasho, na yule bibi akinifokea nipunguze sauti. Timu huwa naiona kwenye televisheni, rangi zetu, jina letu, nazima.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Ilona jikoni na bendera imetandazwa mezani, bati la biskuti limefunguliwa. Maddrey alikuwa amekuja kumsafishia theluji mlangoni kwa koleo lake, akaingia, akakaa na kikombe cha kahawa. Ilona macho yamemwisha, akanipa sindano nimtungie uzi.

“Utaitundika wapi?” nikamuuliza. “Hakuna mahali.”

“Kwanza nishone.”

“Na hayo macho?”

“Macho ya nini? Mashimo yapo.” Aliweka herufi ya kwanza mahali pake, akapapasa kwa kidole gumba, sindano ikaingia palepale ilipoingia zamani. Alishona kidogo, akasimama. “Pettaway, saa ngapi?”

“Saa tisa kasoro robo.”

“Wangekuwa wanapasha misuli sasa hivi.”

Maddrey aliweka kikombe chini. Wote watatu tukasikiliza upande wa mtoni, ulipo ukumbi. Gari la kukwangua theluji lilipita barabarani, likaishia. Ilona akavuta uzi, akaendelea na herufi ya pili.